Rosanda wa Lindi

Siku Rosanda Akeyo alipoliona jina lake kwenye mgongo wa kitabu, alikuwa tayari ameamua kuliacha.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na sita. Alikuwa ametoka kazini, katika saluni ya Wayua huko Kawangware, vidole vikimuuma kwa kusuka tangu asubuhi, na alikuwa akirudi kwao Lindi, Kibera, kwa miguu. Karibu na soko, Thuo alikuwa ametandaza vitabu vyake vya mtumba juu ya gunia: vitabu vya shule vilivyokatika majalada, majarida ya ng'ambo ya miaka iliyopita, na vitabu vinene ambavyo hakuna aliyejua vilikuwa vya nani kabla ya kufika hapo. Rosanda hakuwa na desturi ya kusimama. Siku hiyo alisimama kumpisha mtu wa mkokoteni, akatazama chini, na macho yake yakagongana na herufi za dhahabu zilizokwaruzika: ROSANDA VALE.

Akazisoma tena. Tangu azaliwe hakuwahi kuliona jina hilo limeandikwa na mtu asiyemjua.

"Thuo, hii kitabu ni ya nini?"

"Hiyo? Ni maisha ya mwigizaji fulani wa sinema za kitambo. Zile hazina rangi." Thuo akakiokota na kukipiga vumbi gotini. "Iko na picha katikati. Kwani unamjua?"

"Ndiyo mimi."

Thuo akamtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani. "Hapa wanasema alikufa zamani, dada."

"Jina. Ni jina yangu. Mama alinipea ya huyu."

"Wacha mchezo! Wewe ndiye Rosanda? Mimi hukusikia ukiitwa Akeyo hapo kwa saluni."

Ni kweli. Saluni alikuwa amewaambia wamwite Akeyo. Thuo akacheka, akampa kitabu mkononi. "Sijawahi kuuzia mtu kitabu yake mwenyewe, na sianzi leo. Kuja Jumamosi usuke msichana wangu kabla shule zifunguliwe, tumemalizana."

Rosanda alikiweka kitabu ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vitana vyake, akashika barabara ya Naivasha kuelekea Dagoretti Corner. Kila baada ya hatua chache aliufungua mfuko na kuchungulia.

Mama yake, Christine, alikuwa amekuja Nairobi kutoka Siaya akiwa msichana, akaajiriwa kulea watoto na kupiga pasi katika nyumba moja ya Kileleshwa. Jumapili alasiri mwenye nyumba alipenda kutazama sinema za zamani kwenye televisheni, na Christine alipiga pasi nyuma ya kochi huku naye akitazama. Kiingereza hakukijua sana, lakini uso wa binadamu aliujua kuusoma. Kulikuwa na mwanamke mmoja mrefu, mwenye shingo ndefu na macho yasiyokwepa. Katika sinema moja watu walikuja kumfukuza kwenye nyumba yake, mvua ikinyesha, na yule mwanamke akasimama mlangoni, taa mkononi, akawaambia kitu kifupi. Wanaume wote wakavua kofia na kuondoka.

Wakati huo Christine alikuwa mja mzito. Aliyempa mimba alikuwa ameshapanda basi la kwenda Mombasa na hakuandika barua. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwamba mwisho wa mwezi atafute mahali pengine. Christine alisimama na pasi mkononi mpaka nguo ikatoa moshi. Jina la yule mwanamke lilipopita kwenye kioo, alimwomba mtoto mkubwa wa nyumba ile amsomee. Rosanda, mtoto akamwambia. Rosanda Vale.

Alipojifungua, alirudi nyumbani Siaya na mtoto wa kike. Mtoto alilia mfululizo, na nyanya yake akafanya kama Wajaluo walivyofanya tangu jadi: akataja majina ya ndugu waliokufa, mmoja mmoja, ili yule anayetaka kurudi ajulikane mtoto akinyamaza. Mtoto hakunyamaza. Christine akainama, akamnong'oneza sikioni, "Rosanda," na mtoto akanyamaza. Nyanya alisema mtoto alikuwa amechoka tu. Hata hivyo akamwongezea Akeyo, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mavuno, ili awe na kitu cha kwao.

Kanisa la kijijini lilikuwa gumu zaidi. Aliyekuwa akibatiza aliuliza jina, akaambiwa, akauliza limo kitabu gani cha Biblia. Christine akajibu kwamba halimo. Akaambiwa achague jingine au amrudishe mtoto nyumbani. Akamrudisha mtoto nyumbani. Alitembea katikati ya kanisa, kichwa juu, watu wakimtazama, na baada ya muda mfupi akawa amerudi Nairobi. Alipanga chumba Lindi, akaanza kukaanga mgongo wazi, yale mafupa ya samaki mbuta yanayobaki minofu ikishaondolewa, akiwauzia watu wanaotoka kazini. Watu wakamzoea kwa jina la Mama Rosanda. Lile la Christine likabaki kwenye kitambulisho.

Rosanda mwenyewe hakulipenda jina lile. Shuleni mvulana mmoja aliligawanya vipande viwili, akamwita "Ro wa sanda", na kwa kuwa sanda ni nguo ya maiti, watoto wengine walijifanya kumkimbia. Kila alipojitambulisha aliulizwa, "Rosa nani? Rosalia? Rosemary?" Alipoanza kuimba katika kwaya ya kanisa moja la mabati pale Mashimoni, humo humo Kibera, alikuwa akibaki amekaa kwenye benchi wenzake wakienda kushiriki meza ya Bwana, kwa sababu hakuwa amebatizwa. Mwaka huo wa tisini na sita akaingia darasa la ubatizo.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Isaac Shiundu, seremala wa Sarang'ombe, mtu mwenye mikono mipana na sauti ya upole ambayo haikubadilika hata akikataa jambo. Siku ya kwanza aliuliza kila mmoja jina lake na maana yake. Wa kwanza akasema, wa pili akasema. Ilipofika zamu ya Rosanda, Mwalimu Shiundu alisubiri.

"Maana yake nini, binti yangu?"

"Sijui, Mwalimu. Ni ya mtu wa sinema."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Jina ni kama mlango wa nyumba," akasema. "Mtu aujue anapoingia. Tafuta mle ndani ya Biblia, utapata la kukufaa." Rosanda akachagua Priscilla. Alipomwambia mama yake, Christine alikuwa akigeuza samaki kwenye karai. Aligeuza wote, mmoja baada ya mwingine, ndipo akauliza, "Na mimi nitaitwa nani?"

"Wewe? Si utakuwa tu Mama Priscilla."

"Huyo simjui," Christine akasema, akaongeza mafuta.

Hawakuzungumza tena jambo hilo. Mambo yalikuwa hivyo siku Rosanda alipofika nyumbani na mfuko wa nailoni, akakuta mama yake mlangoni na karai lake, akatoa kitabu na kukifungua kwenye kurasa za picha.

Christine hakukigusa. Mikono yake ilikuwa na mafuta. Aliikunja mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa, akainama karibu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu! Angalia hiyo shingo." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani walimwandikia kitabu kizima?"

"Kizima, Mama. Maisha yake yote."

"Nilijua. Mimi nilijua yule si mtu wa kuandikiwa karatasi moja." Akaita mlango wa pili: "Nasipwondi! Kuja uone mwenye jina ya msichana yangu!"

Nasipwondi, jirani yao kutoka Bungoma, alikuwa akiuza sukuma wiki mlangoni pake na alikuwa na mimba kubwa. Alikuja akijishika kiuno, akaangalia picha, akamwangalia Rosanda, akaangalia picha tena. "Mnafanana kwa kusimama," akaamua.

Ndivyo kusoma kulivyoanza. Jioni, jua likiwa bado lipo na samaki wakiwa kwenye karai, Rosanda alikaa kwenye kibao kando ya mama yake, akasoma sentensi ya Kiingereza kimoyomoyo na kuitoa kwa Kiswahili. Maneno yaliyomshinda aliyaandika kiganjani kwa kalamu, akayauliza kesho yake saluni, ambako kila mara hakukosekana mteja mwenye shule. Mwanzoni alikuwa akimsomea mama yake na Nasipwondi tu. Lakini mgongo wazi haukaangiki haraka, na wanunuzi waliosubiri walisikiliza kwa kuwa hawakuwa na lingine la kufanya. Baada ya siku chache kulikuwa na watu waliokuja mapema kuliko njaa yao.

"Ilifika wapi jana?" fundi mmoja wa viatu aliuliza akifika. "Ashapata ile kazi?"

Walimfuata Rosanda Vale tangu mji wake wa machimbo wenye baridi, alikozaliwa mtoto wa saba wa mchimba makaa. Walimwona akipanda garimoshi na sanduku la kamba. Walimwona akifagia jumba la sinema kabla hajawahi kuonekana ndani ya sinema. Alipoolewa na bwana aliyeuza farasi wake bila kumwuliza, Nasipwondi alisonya kwa nguvu. "Huyo amezaliwa kwetu kabisa," akasema. "Ni ndugu ya shemeji yangu." Wakubwa wa sinema walipomtaka acheze sehemu ya mwanamke mjinga na yeye akakataa, akakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi kuliko kukubali, watu walipiga makofi huku wameshika samaki.

Christine hakuwa akipiga makofi. Alikuwa akitazama karai. Lakini alianza kuvaa kitenge chake kizuri jioni, na alipompa mtu samaki alimpa kwa mikono miwili, na aliposikia mgeni akiuliza hiyo ni hadithi ya nani, alijibu, "Ya mwenye jina ya huyu. Huyu wangu anayesoma." Rosanda alimsikia kila mara. Kitu fulani ndani yake, ambacho hakukiita kwa jina, kilikuwa kikinyooka. Alijikuta saluni, mteja mpya alipomuuliza anaitwa nani, ameshasema "Rosanda" kabla ya kukumbuka kwamba hapo anaitwa Akeyo. Wayua aliinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikiosha, akatabasamu.

Mchana mmoja mvua iliwafukuza wateja. Rosanda akakaa chini ya mashine ya kukausha nywele, akaisoma mbele sura iliyokuwa ikifuata, ili jioni asikwame. Alipoimaliza alikuwa amenyamaza kiasi kwamba Wayua alimwuliza kama ni mgonjwa.

"Si jina yake," Rosanda akasema.

"Nini si jina ya nani?"

"Rosanda. Huyo mama hakuwa anaitwa Rosanda. Alizaliwa Edna Stoltz. Mkubwa wa kampuni ya sinema alisema hilo ni jina la mpishi, akaagiza aandikwe Rosalinda. Msichana wa taipu akaruka herufi. Yule mkubwa akaona kosa, akalipenda, ikabaki hivyo." Alikigeuza kitabu, akasoma tena, kana kwamba huenda maneno yamebadilika. "Na hakulipenda, Wayua. Kwao nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kumwita hilo. Alisema hilo ni gauni la kazi, na akifa wamvue. Kwa kaburi wameandika Edna Stoltz."

Wayua alikausha mikono yake taratibu. Alikuwa mwanamke wa Machakos, wa kusema mambo kama yalivyo, lakini safari hii alichagua maneno. "Mama yako amebeba hiyo jina miaka mingapi?"

"Toka nizaliwe."

"Basi ruka hiyo sura. Endelea na ile inafuata. Nani atajua?"

Rosanda alirudi nyumbani matopeni akiwaza. Jina lililofukuzwa kanisani, lililomfanya mama yake atembee peke yake mbele ya kijiji kizima na mtoto mgongoni, lilikuwa kosa la taipu. Hata aliyepewa alilivua. Alijaribu kumfikiria mama yake akiambiwa hivyo mbele ya watu, akashindwa.

Jioni ile walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika na kila mtu alikuwa nje. Mwalimu Isaac Shiundu naye alikuwepo. Alikuwa amepita kununua samaki akielekea Sarang'ombe, vumbi la mbao kwenye nyusi, akasimama kando kwa heshima baada ya kuona watu wamekaa. Rosanda akafungua kitabu, akashika kurasa kadhaa kwa pamoja, akazigeuza zote mara moja, akaanza kusoma juu ya sinema ya mwisho.

"Ngoja," Christine akasema.

"Nini, Mama?"

"Umegeuza kurasa nyingi. Nimekuona."

"Zile hazina kitu. Ni mambo ya mikataba tu."

Christine aliutua uma wake wa kugeuzia samaki ukingoni mwa karai. "Rosanda. Mimi Kiingereza sijui, lakini si kipofu. Tumetoka na huyu mama kwao kwenye baridi mpaka hapa, sijaruka hata siku moja. Kama aliiba, nisomee. Kama aliua, nisomee."

Rosanda alirudisha kurasa. Alisoma taratibu, bila kuinua macho: Edna Stoltz, mkubwa wa kampuni, msichana wa taipu, herufi zilizorukwa, gauni la kazi, kaburi. Sauti yake ilikatika mara moja tu, pale penye gauni. Alipomaliza alisikia mafuta yakitoa sauti kwenye karai na mtu mmoja akikohoa.

Mwalimu Shiundu ndiye aliyesema kwanza, na hakusema kwa ubaya. "Pole, Mama. Lakini unaona? Hata mwenyewe alilikataa. Ni Mungu amekuonyesha kabla ya siku ya ubatizo. Wacha binti achukue lile la Priscilla, lina mizizi."

Christine alikuwa akimtazama binti yake kwa namna Rosanda hakuijua, kama mtu anayehesabu upya kitu alichodhani anakifahamu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kwanza kifuani, halafu kwa sauti, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge chake kizuri.

"Mwalimu," akasema, "wacha nikuambie kitu. Miaka yote hii nilikuwa nafikiria nimemvalisha mtoto wangu mtumba. Kitu nzuri, kitu ya maana, lakini ya mtu mwingine. Ndiyo maana wakinisumbua nilikuwa nasema sawa, si letu kweli, tumeazima tu. Hata huyu aliposema anataka kuliacha, nilinyamaza. Nilisema, si ni ya yule mama wa sinema, hebu arudishiwe." Akamwelekezea Rosanda kidole kinachong'aa mafuta. "Kumbe yule hakuwa nalo! Yule alikuwa anavaa akienda job, jioni anatoa. Hakuna mtu duniani alizaliwa akaitwa Rosanda, akaitikia. Ni huyu. Huyu ndiye wa kwanza. Nilidhani ni mtumba, Mwalimu, na nilikuwa nimenunua mpya!"

Fundi wa viatu alipiga kofi moja kubwa. Nasipwondi akatoa kigelegele, akashika tumbo, akatoa kingine. Mwalimu Shiundu akaomba samaki wake. Christine akamfungia aliye mkubwa kuliko wote.

Rosanda alikuwa bado amekaa kwenye kibao. Alikuwa amekuja kumlinda mama yake na aibu, na sasa hakuiona aibu yenyewe imekwenda wapi. Alijisikia joto usoni kama aliyesifiwa mbele ya shule. Usiku ule, kabla ya kulala, alisema kwa sauti ndogo, "Mama, sitaki kuwa Priscilla." Na mama yake, aliyekuwa amempa mgongo, akajibu, "Nilisikia hata kabla useme."

Jumamosi iliyofuata alibaki nyuma darasa lilipoisha. Mwalimu Shiundu alikuwa akipanga mabenchi ambayo aliyatengeneza mwenyewe.

"Mwalimu, nataka kubatizwa na jina yangu."

"Akeyo?"

"Rosanda Akeyo. Yote mawili."

Mwalimu aliuweka chini mwisho wa benchi. "Nimewaza juu ya yale aliyosema mama yako. Nimekosa usingizi, nikuambie ukweli. Lakini Pasta atauliza, na mimi ndiye niliyewaambia wote watafute kwenye Biblia. Nitamwambia nini?"

"Sijui, Mwalimu. Kama atakataa nitarudi nyumbani. Mama alirudi nyumbani."

Mwalimu hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba Jumapili afike mapema, na avae nyeupe.

Jumapili hiyo kanisa la Mashimoni lilijaa mpaka watu wakasimama nje ya madirisha. Nusu yao hawakuwa waumini wa pale. Walikuwa wanunuzi wa mgongo wazi. Wayua alikuja kutoka Kawangware na wasichana wote wa saluni, na walikuwa wamemsuka Rosanda jana yake, wakikataa kulipwa kwa namna yoyote. Christine alikaa benchi la mbele kabisa. Hakuwa na desturi ya kukaa mbele kanisani. Tangu Siaya alikuwa akichagua mahali karibu na mlango.

Pasta aliwaita mmoja mmoja. Maji yalikuwa kwenye beseni jeupe juu ya meza. Kila aliyekuja alitaja jina lake, Pasta akalirudia, akamwagia maji. Alikuwa mzee mnene mwenye furaha, na mambo yalikwenda haraka mpaka Rosanda alipopiga magoti.

"Jina lako, mwanangu?"

"Rosanda Akeyo."

Mkono wa Pasta ulisimama juu ya beseni. "Ro... rudia tena."

"Rosanda."

"Hilo ni la nani? Maana yake ni nini?"

Rosanda alivuta pumzi ili ajibu, lakini hakuwahi. Sauti ilitoka benchi la mbele, kubwa kuliko vile kanisa lilivyozoea.

"Maana yake ni huyo hapo!"

Kanisa zima lilicheka, wa dirishani pia. Christine alikuwa amesimama. Hakuketi. Pasta alitabasamu, lakini bado hakushusha mkono. Akamgeukia mwalimu wake wa darasa la ubatizo, aliyekuwa ameshika taulo kando ya meza. Kicheko kikafa. Rosanda hakugeuza kichwa. Alikuwa akitazama maji, na ndani ya maji aliona bati la paa na kipande cha uso wake.

"Ndilo jina lake, Pasta," Isaac Shiundu akasema kwa sauti ileile ya upole. "Nimelichunguza. Ni lake."

"Basi," Pasta akasema, "Rosanda Akeyo, ninakubatiza..."

Maji yalikuwa baridi. Yalimtiririka shingoni hadi mgongoni, na aliposimama alihisi kwamba amekuwa mrefu. Siku hiyo meza ya Bwana ilipoandaliwa alikwenda na wenzake, na aliporudi kwenye kwaya aliimba sehemu yake kwa nguvu hivi kwamba msichana aliyekuwa kando yake alimgusa kiwiko. Hakupunguza.

Waliimaliza sura ya mwisho ya kitabu juma lililofuata. Watu wengine walilia kidogo kwa ajili ya Edna Stoltz, maana sasa walimwita hivyo, kwa kumheshimu. Christine aliomba picha ile ya shingo ndefu ikatwe na kubandikwa ukutani. Kisha akabadili nia. "Wacha akae kwenye kitabu chake," akasema. Pale ukutani akabandika picha ya Rosanda ya siku ya ubatizo, amelowa nywele, anacheka.

Mwezi wa Oktoba Nasipwondi alijifungua. Alipopata nguvu alikuja mlangoni na mtoto amefungwa kwenye shali ya manjano, mume wake nyuma yake, mwanamume mwenye haya aliyekuwa mlinzi wa usiku huko Kawangware.

"Ni msichana," Nasipwondi akasema. "Tumemwita Rosanda."

Christine alipokea mtoto. "Kwa ajili ya yule wa sinema?"

"Yule si aliitwa Edna?" Nasipwondi alimwangalia kana kwamba ameuliza swali la kipuuzi. "Tumemwita kwa ajili ya huyu wako. Nikimtafutia jina la mtu ninayemjua, anayesimama vizuri, nitaenda mbali kwa nini?"

Rosanda alikuwa akiosha mafupa ya samaki. Alinawa mikono mara mbili ndipo akathubutu kumshika. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyofikiri, na alikuwa amelala, midomo imekunjwa kwa hasira. Alimtazama mama yake, na mama yake alikuwa ameangalia pembeni, akijishughulisha na moto usiohitaji kushughulikiwa.

"Na baba yake anasemaje?" Christine akauliza hatimaye, akikohoa. "Analijua jina la mtoto wake?"

Yule mwanamume akajipanga. "Rosenda," akasema.

"La. Ro-san-da."

"Rosana."

Christine akavuta kiti, akamwambia aketi, na hakumwachilia mpaka aliposema vizuri.